Namba za DNS, waya au foleni: lipi ubadilishe kwanza ili intaneti ya kompyuta iongeze kasi

Karibu kila wiki mtu ananiletea laptopu dukani na ombi lilelile: "Fundi, niwekee zile namba za spidi." Namba anazotaka ni 8.8.8.8 au 1.1.1.1, anwani za DNS, yaani huduma ambayo kompyuta huiuliza tovuti iko wapi. Ameona video fupi, jamaa kabadilisha mistari miwili kwenye mipangilio ya mtandao, kisha mshale wa kipimo ukapaa. Namwekea, maana ndiyo kazi iliyoniweka pale, ila kwanza namuuliza: kompyuta inachelewa kuanza kufungua ukurasa, au inachelewa kumaliza kushusha faili? Wengi hunitazama kana kwamba nimewatega kitendawili.

Hayo ni maradhi mawili, na kila badiliko kwenye mipangilio hutibu moja tu, mengine hayatibu lolote. Hapa nayaweka ubavu kwa ubavu yale ambayo watu hubadilisha kwenye Windows 10 na 11, niseme ningeanza na lipi, na lipi ningemwachia mwenye muda wa kupoteza.

Kabla ya kuchagua: ping mbili

Fungua kisanduku cha kutafutia, andika cmd, bonyeza Enter. Andika ipconfig. Kwenye mstari wa Default Gateway utaona anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping 192.168.1.1 -n 30, uweke anwani yako wewe. Ikimaliza, andika ping 1.1.1.1 -n 30.

Ya kwanza inapima safari kati ya kompyuta na ruta, yaani ndani ya nyumba yako. Ya pili inatoka nje ya geti. Kwa waya, ya kwanza huwa milisekunde 1 au pungufu. Kwa waifai nzuri ni 2 hadi 5 hivi. Ukiona 4, kisha 90, kisha 210, kisha "Request timed out", basi mwizi yumo ndani, na unaweza kubadilisha DNS hadi jioni bila kumkamata. Ya kwanza ikiwa tulivu na ya pili inarukaruka, irudie mara mbili: wakati hakuna mwingine anayetumia intaneti, kisha wakati mtu anapakia video. Ikipanda tu mtu anapopakia, hiyo ni foleni, na ina dawa. Ikiwa juu muda wote, tazama mnara wa simu au mtoa huduma.

Jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa: kifurushi cha 20 Mbps (megabiti kwa sekunde) hakishushi megabaiti 20 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kikienda vizuri kabisa utaona 2.5 kwenye dirisha la kushusha faili. Nimewahi kumzuia mteja asiende kumgombeza mtoa huduma wake kwa jambo hili. Alikuwa anapata kile alicholipia, senti kwa senti.

DNS: ya mtoa huduma au ya nje?

Ukiwa mgeni mtaani unamuuliza dereva wa bodaboda kwa fulani ni wapi. Akijibu upesi, umeokoa muda. Lakini barabara utakayopita ni ileile, na malori yaliyoijaza ni yaleyale. DNS ni huyo wa kuulizwa njia. Inageuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, halafu inakaa pembeni. Faili la gigabaiti 2 likishaanza kushuka, DNS haina mkono tena.

Ndiyo maana husaidia yule ambaye ukurasa wake unazubaa mwanzoni halafu unafunguka wote kwa mpigo. Ukurasa wa gazeti la mtandaoni huita majina mengi: picha kule, matangazo kule, fonti kwingine. DNS inayojibu kwa milisekunde 20 badala ya 120 itakuokolea sehemu ya sekunde, pengine sekunde nzima, na jicho linaiona. Kwenye kipimo cha kasi haionekani, kwa sababu kipimo hakipimi hilo.

Kati ya za nje, 8.8.8.8 ya Google ipo tangu 2009, na 1.1.1.1 ya Cloudflare ilizinduliwa Aprili 2018. Kuna pia 9.9.9.9 ya Quad9, iliyoanza 2017, ambayo inazuia majina ya tovuti zinazojulikana kuwa za ulaghai. Kwa kompyuta ya wazazi au ya watoto hiyo ndiyo ninayoiweka, hata kama si ya haraka kuliko zote. Tofauti ya Google na Cloudflare ambayo watu hawaisemi ni hii: Google huweza kuiambia seva ya mbali kipande cha anwani yako, ili upewe nakala ya video au picha iliyo karibu nawe, Cloudflare hukificha kwa ajili ya faragha. Kampuni kubwa za maudhui huweka nakala zao ndani ya mitandao ya watoa huduma, na DNS ya mtoa huduma wako mwenyewe mara nyingi ndiyo inayozijua vizuri zaidi. Kwa hiyo usishangae ukiweka namba za spidi na video ikaanza kuganda. Umemuacha mwenyeji wa mtaa, ukamuuliza mpita njia.

Usikisie, pima. Fungua PowerShell uandike Measure-Command { Resolve-DnsName wikipedia.org -Server 1.1.1.1 }, kisha badilisha 1.1.1.1 uweke 8.8.8.8, kisha anwani ya ruta yako, ambayo kwa kawaida hupeleka swali kwa mtoa huduma. Tazama mstari wa TotalMilliseconds, rudia mara tano kwa majina tofauti. Kama ya mtoa huduma iko chini ya 30, iache ilivyo. Kama ni 150, au inakatikakatika, hama leo hii.

Waifai au waya

Hapa ndipo palipo na kasi iliyopotea, na ndipo watu hawataki kuangalia kwa sababu hapana ujanja wa kuonyesha kwenye video.

Andika netsh wlan show interfaces. Utaona chaneli, nguvu ya mawimbi kwa asilimia, na kasi ya kupokea. Chaneli 1 hadi 13 maana yake uko kwenye bendi ya 2.4 GHz. Kuanzia 36 uko kwenye 5 GHz. Bendi ya 2.4 inapenya kuta vizuri na inafika mbali, lakini ni nyembamba: ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa kila jirani ameshika mojawapo. Laptopu yenye antena moja ya zamani kwenye bendi hiyo huandika 72 Mbps, na kinachofika kweli ni karibu nusu yake. Hata ukilipia faiba ya 100, utapata 35. Hakuna DNS duniani itakayoibadilisha 35 kuwa 100.

Bendi ya 5 GHz ina nafasi tele. Laptopu ya kawaida yenye antena mbili huandika 866 Mbps ikiwa chumba kimoja na ruta. Udhaifu wake ni kuta. Tofali moja la saruji inalivumilia, mawili inalalamika. Wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja au Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, wanajua: sebuleni unapaa, chumba cha pili mawimbi yamekwisha. Kwao, 2.4 ni ya kwenye simu chumbani, na kompyuta ya kazi inahitaji waya.

Kuhamia 5 GHz kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwenye kompyuta: Device Manager, bonyeza kadi ya waifai mara mbili, kichupo cha Advanced, tafuta Preferred Band, chagua 5 GHz. Kadi nyingi za Intel zinayo. Ya pili ni kwenye ruta: zipe bendi hizo mbili majina tofauti, kisha kompyuta uiunganishe na moja tu. Napendelea ya pili kwa nyumba yenye watu wachache, kwa kuwa unajua uko wapi. Nyumba yenye watoto na wageni, achana nayo. Utaitwa kila siku kuelezea majina.

Sasa waya. Waya wa LAN wa kawaida, wa daraja la Cat5e, unabeba 1 Gbps hadi mita 100. Hauna chaneli wala ukuta, na hauna jirani. Ukitaka kulinganisha gharama, waya wa mita 15 ni rahisi kuliko ruta mpya, na kwa kompyuta ya mezani unaishinda ruta mpya. Ubaya wake unajulikana: hautembei nawe, mlango haufungi vizuri, na mama mwenye nyumba hataki kuona nyaya zikining'inia ukutani. Angalia mambo mawili tu. Waya wa bei ya chini sana huwa na pea mbili badala ya nne ndani yake, na hapo kompyuta itaonyesha 100 Mbps badala ya 1,000. La pili ni mpangilio wa Speed & Duplex kwenye kadi ya mtandao: uache kwenye Auto Negotiation. Kuna mafundi wanaoulazimisha kuwa 100 Mbps Full Duplex, wakidhani wanaukaza. Upande wa pili ukibaki kwenye auto, unashindwa kuelewana na huu, unajiweka half duplex (kutuma na kupokea kwa zamu), na data zinaanza kugongana. Nimekuta ofisi nzima ikiteseka hivyo kwa miezi, kipimo kikitoa 90 kushusha na 2 kupakia, na kosa lilikuwa mstari mmoja kwenye swichi.

Kama waya haiwezekani, hamisha ruta. Nimezikuta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, juu ya friji, moja ndani ya sufuria "isipate vumbi". Iweke juu, wazi, mbali na mabati na vioo.

Foleni

Hili ndilo jambo ambalo lingeongelewa kama DNS inavyoongelewa, watu wangepumzika. Unalo kongamano la Zoom. Sauti safi. Ghafla unageuka roboti. Kipimo kinasema una Mbps 20, na ni kweli unazo. Kilichotokea ni kwamba simu ya mtu imeanza kupakia picha 300 za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Ruta na modemu zina ghala dogo la kushikilia data zinazosubiri kutoka. Kampuni zilipoona kumbukumbu ni rahisi, zikalikuza ghala, zikidhani zinasaidia. Tuseme kasi yako ya kupakia ni 2 Mbps na ghala lina kilobaiti 250. Likijaa, kila kipande kipya kinasubiri sekunde nzima kabla ya kutoka. Sauti yako ya Zoom iko nyuma ya picha za harusi, haina kipaumbele. Na kushusha nako kunakwama, maana seva ya mbali haitumi mzigo mwingine mpaka ipate risiti ya mzigo uliotangulia, na risiti hizo zimepanga foleni ileile. Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele tatizo hili na kulipa jina la bufferbloat. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, mbinu ya kuifanya foleni isilimbikane.

Kuna njia mbili za kulitibu, na hapa ulinganisho ni wa kweli.

Njia ya kompyuta ni ya bure. Kwenye OneDrive weka kikomo cha kasi ya kupakia. Kwenye Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, zima ruhusa ya kushirikiana na kompyuta za kwenye intaneti. Ikiwa imewashwa, mashine yako inawapakia vipande vya apdeti watu usiowajua, kwa bando lako. Ukurasa huohuo una sehemu ya kuweka kikomo cha asilimia. Dakika kumi zinatosha. Kasoro yake: inatibu kompyuta moja. Simu ya yule wa picha za harusi haikuhusu.

Njia ya ruta inatibu nyumba nzima. Ruta yenye OpenWrt, programu huria ya ruta, unaweza kuiwekea SQM, kipanga foleni chake. MikroTik zenye RouterOS 7 zina fq_codel na CAKE, mbinu za ukoo huohuo wa CoDel. Unapima kasi yako, kisha unaiwekea ruta kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima, kupakia na kushusha. Ndiyo, unajinyima kasi makusudi, na hapo ndipo wateja wanaponikatalia. "Fundi, nimekuja unipe spidi, wewe unaipunguza?" Namwambia tujaribu siku moja. Foleni inahamia kwenye ruta yenye akili badala ya modemu isiyo nayo, na kila mtumiaji anapewa zamu. Kipimo cha kasi kitashuka kidogo, Zoom haitakatika. Kwa faiba hii ni dawa kamili. Kwa ruta ya 4G inasumbua, kwa sababu kasi ya mnara hubadilika saa kwa saa, na kikomo kinachofaa saa nne asubuhi ni kikubwa mno saa mbili usiku.

Ukiwa peke yako na laptopu moja, njia ya kompyuta inatosha. Mkiwa wanne, au una duka la steshenari lenye mashine sita, ruta nzuri ndiyo matumizi pekee ya fedha ninayoyatetea katika makala hii.

Wa bando la simu

Kwa anayeunganisha laptopu na simu, waya wa USB unashinda hotspot: hauna waifai ya kugombea, na simu inachajiwa. Hotspot ikibidi, ingia kwenye mipangilio ya simu uiweke 5 GHz kama ipo. Kisha, kwenye Windows, uunganisho huo uuwekee alama ya Metered connection, hata ule wa USB, kwa kuwa kompyuta huuona kama waya wa LAN wa kawaida na kuanza kula bila adabu. Apdeti nyingi zitasubiri, OneDrive itanyamaza. Usisahau kuiunganisha kompyuta na waifai ya bure, isiyo na alama hiyo, mara moja kwa wiki, ili apdeti za usalama ziingie. Na ruta ya 4G iweke dirishani: kwenye ukurasa wake tafuta RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara. Karibu na −80 ni nzuri, ukifika −110 unaomba kwa jirani.

Ambayo ningeyaacha

Ile ya "Windows inakuibia asilimia 20 ya intaneti", inayokupeleka gpedit.msc ukaandike sifuri, imezunguka tangu enzi za Windows XP, na Microsoft ilikwisha kuieleza: kiasi hicho hutengwa tu pale programu inapoomba kipaumbele, vinginevyo kinatumika chote. Wenye toleo la Home hawana hata hiyo gpedit.

Kuzima IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti: hapana.

Kubadilisha MTU, ukubwa wa juu wa kipande kimoja cha data: kwenye laini za PPPoE (zile ambazo ruta huingia kwa jina na nywila ya mtoa huduma) ni 1492 badala ya 1500, baiti 8 pungufu. Ikikosewa, baadhi ya tovuti hazifunguki kabisa wakati nyingine ziko sawa. Ikiwa huna dalili hiyo, usiiguse.

Moja kati ya hizi za zamani lina sumu. Miongozo ya wakati wa Vista ilishauri kuzima auto-tuning ya TCP, yaani kompyuta kujipangia yenyewe ukubwa wa mzigo inaoupokea kwa mkupuo, na kuna kompyuta bado zinatembea hivyo. Andika netsh int tcp show global. Kama Receive Window Auto-Tuning Level ni disabled, seva inaweza kukutumia baiti 65,535 tu kwa mkupuo kabla ya kusubiri risiti. Kwa seva ya Nairobi iliyo milisekunde 20 kutoka kwako, hiyo ni Mbps 26, kwa kifurushi cha 20 hutaona kitu. Kwa seva ya Ulaya iliyo milisekunde 150, ni Mbps 3.5, hata ukiwa na faiba ya 100. Fungua cmd kama msimamizi, andika netsh int tcp set global autotuninglevel=normal. Hili ndilo badiliko pekee la mstari mmoja ambalo nimewahi kuona likizidisha kasi mara kumi, na kazi yake ni kufuta "uboreshaji" wa mtu mwingine.

Umbali wenyewe hauna mpangilio wa kuubadilisha. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkongo wa kilomita 10,000 unakugharimu milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla hujafanya lolote. Na mkongo ukikatika, ndiyo basi. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika pamoja baharini upande wa Afrika Kusini, nilibadilishiwa DNS na watu watatu kwenye simu yangu mwenyewe, kila mmoja akiwa na hakika.

Ping ya pili ikiendelea kuwa mbaya hata saa kumi alfajiri, kwa waya, kompyuta moja tu, usiite fundi. Piga picha matokeo hayo yote mawili, yenye saa na tarehe, umpelekee mtoa huduma wako. Wa huduma kwa wateja atakuambia uzime ruta uiwashe. Izime, uiwashe, upime tena akiwa bado hewani.